Kabati la Mbao au la Chuma

Machi 4, 1989

Kwako mdogo wangu,

Natumai barua hii itakukuta mzima, na shemeji naye hajambo huko porini anakopima viwanja vya watu. Sisi hapa tupo. Goti la Mama limetulia tangu aanze kulikanda kwa maji ya moto, ila amenipiga marufuku kuvuta sigara ndani, kwa hiyo nakuandikia nikiwa barazani kama mlinzi wa benki.

Sasa nisikilize vizuri.

Jana mhariri kaniletea nakala za kitabu cha kumi. Unanijua, vitabu vyangu vikishachapwa huwa sivisomi. Nikishamaliza daftari, hadithi imenitoka, na kurudi kuisoma naona kama kula chakula nilichokwisha kukitafuna. Lakini Mama alitaka kukishika, na alipokishika kikafunguka ukurasa wa mwisho, nami nikiwa nimesimama nyuma yake.

Mke wa mwenye ghala yu hai.

Mimi nilimuua, bibie. Nilimuua katika daftari la nne, na Inspekta Kikohozi akamkuta chini ya ngazi, kiganjani ameshika kifungo cha koti la mumewe. Kile kifungo nilikipanda tangu sura ya pili. Nilikaa wiki tatu nikitafuta mahali pa kukificha ili msomaji akione asikione. Katika kitabu hiki kifungo kimepotelea hewani. Mke amefunga sanduku lake, amepanda basi la asubuhi, na Inspekta wangu amesimama kituoni anakohoa tu.

Kati ya madaftari yangu na mtambo wa mhariri kuna mtu mmoja, naye ni wewe na taipureta yako. Sitaki kusikia habari za kurasa zilizochanganyika. Kurasa zikichanganyika hazizai basi la asubuhi.

Hadithi ya upelelezi inaanzia kwa maiti. Kwanza nijue nani kafa na kafia nini, ndipo nirudi nyuma nianze kuficha. Ukinifufulia maiti umeniharibia kazi yote. Nataka maelezo.

Kaka yako

*

Aprili 2, 1989

Kaka,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia goti la Mama limepata nafuu. Mwambie asiache kulikanda hata maumivu yakiisha. Mimi sijambo. Mvua zimeanza huku na paa la ofisi yetu linavuja juu ya kabati la majalada, kwa hiyo asubuhi kazi yangu ya kwanza ni kuhamisha kesi za watu zisilowe.

Barua yako ilifika kwenye mahakama ile ya zamani, wao wakanitumia huku. Ndiyo sababu ya kuchelewa. Nimehama kituo. Sasa tumia Sanduku la Posta 61, mahakama ya wilaya, mji ulioandikwa nyuma ya bahasha. Namba hiyo usimpe mtu yeyote. Narudia, Kaka: mtu yeyote. Akiuliza Mama, mwambie barua zinanifikia.

Kuhusu mwisho wa kitabu, ni mimi. Kurasa sita za mwisho nilizitunga mwenyewe.

Ninachoshangaa ni kwamba umekuja kukiona hiki cha kumi tu. Anza kusoma tangu *Kabati la Chuma*. Ni cha tatu, kama umesahau.

Mdogo wako

*

Aprili 13, 1989

Kwako,

Mama anakusalimu. Anauliza kwa nini umehamishwa kituo bila kuaga. Kuhusu shemeji hukuandika hata neno. Kama mmenuniana, yamalizeni kiutu uzima.

Nimesoma. Siku nne nimejifungia chumbani na vitabu vyangu mwenyewe kama mwanafunzi aliyefeli. Cha tatu, mwanamke anaokolewa na jirani. Cha nne, ile sumu inageuka kuwa dawa ya usingizi. Cha tano, cha sita, cha saba, kote huko wanawake niliowaua wanaamka, wanajipangusa, wanakwenda zao. Cha nane umemuacha afe, nikashukuru, kumbe umemfanya mume naye ashikwe, wakati mimi nilimwachia akimbie ili nipate kitabu cha tisa.

Sasa nimeelewa barua za wasomaji. Kuna muuza vipuri mmoja aliniandikia kwamba alilia kwa furaha yule mwanamke alipofungua mlango. Nilidhani ananikejeli. Nilimjibu "asante kwa utani wako."

Unajua umenifanya nini? Umenivua nguo hadharani. Miaka minane watu wananisifu barabarani kwa miisho yangu, nami natabasamu na kuinua kofia. Mhariri huniambia, "Bwana, unaandika kama mtu mgumu, halafu dakika ya mwisho unatuhurumia." Nami najitia mnyenyekevu, namwambia ndio ufundi wenyewe.

Ungeniambia hupendi, tungebishana. Wewe umekula na mimi sahani moja, na huku unanichezea nyuma ya mgongo. Madaftari yangu yote uliyonayo yarudishe. Nitamwambia mhariri avichape upya vitabu vyote vinane kama nilivyoviandika mimi, na watu wafe kama nilivyotaka wafe.

Na uniambie sababu. Usiniletee maneno ya kikarani. Sababu.

Kaka yako

*

Mei 1, 1989

Kaka,

Shikamoo. Mwambie Mama nimehama kwa ombi langu mwenyewe, na hakuna aliyenionea. Nimepata chumba kwa bibi mmoja mshona mashuka. Cherehani yake haipumziki, lakini nimeizoea.

Umetaka sababu. Nitakupa, na sitatumia maneno ya kikarani.

Miaka minane iliyopita nilikuwa napiga chapa kitabu chako cha pili pale nyumbani, mezani jikoni, kila mume wangu akienda porini. Siku moja alirudi kabla ya siku yake. Chakula kilikuwa hakijaiva kwa sababu nilitaka kumaliza sura yako ya kumi na moja. Hakupiga kelele, yeye si mtu wa kelele. Alinishika mkono, akauweka kwenye fremu ya kabati la vyombo, akaufunga mlango juu ya vidole vyangu. Kisha akauegemea.

Nilikuandikia wewe. Sikumwandikia Mama wala mtu mwingine. Barua ile niliiandika kwa mkono wa kushoto, maandishi yake kama ya mtoto wa darasa la kwanza, na nikakuomba uje.

Ulinijibu upesi, siku nane tu. Nakumbuka kila neno. Uliandika: "Pole sana mdogo wangu. Hebu nieleze, kabati lenyewe ni la mbao au la chuma? Na aliufunga kwa nguvu mara moja, au polepole?"

Nikakujibu. La chuma. Polepole. Nilidhani unauliza ili ujue utakuja na hasira kiasi gani. Nikafagia chumba cha wageni.

Baada ya miezi saba yalifika madaftari ya kitabu cha tatu. Katika sura ya nne, mume "aliufunga mlango wa kabati polepole, kama mtu anayefunga kitabu alichomaliza kukisoma." Katika sura ya ishirini ulimuua yule mke kwenye ukurasa mmoja, kwa sababu ulihitaji Inspekta apate maiti ya pili.

Nilipiga chapa mpaka pale anapoanguka. Kidole cha kati kilikuwa bado hakijanyooka, mpaka leo hakinyooki. Nikatoa karatasi ile kwenye mashine, nikaingiza mpya. Jirani akagonga mlango. Ndivyo ilivyoanza.

Kila kitabu kilichofuata kilikuwa na barua yangu ndani yake. Ile ngazi ni ya kwetu. Kile kikombe cha uji ulichokitia sumu ni cha kwetu. Nilikuandikia kama kaka, ukanisoma kama mwandishi. Usiniambie hukuelewa. Sura ya nne inaonyesha ulielewa kabisa. Hakuna mtu asiyeelewa anayeweza kuiandika hivyo.

Januari, yeye akiwa porini, nilifunga sanduku nikaondoka. Nilikwisha kuiandika safari ile katika kurasa zako sita za mwisho, nikaona inawezekana.

Madaftari nitayarudisha yote. Sitapiga tena.

Mdogo wako

*

Juni 20, 1989

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi sana kutoka kwangu na kwa Mama. Usishangae kimya changu, kazi zilinizidi. Tumepaka rangi sebule, rangi ya maziwa, Mama anasema sasa panafanana na zahanati. Kuku wake mweusi ametotoa vifaranga kumi na mmoja, na wote wapo. Yule muuza magazeti wa kona, aliyekuwa akikutania kwa urefu wako, amestaafu na kumwachia binti yake kibanda.

Barua yako niliipata. Nimeisoma. Nitakujibu siku nikipata nafasi ya kukaa na kutulia.

Madaftari nayo yamefika, ahsante. Yale mambo ya kuchapa upya nimeyaacha kwanza.

Hapo ulipo kuna usalama? Nyumba ya huyo bibi ina geti? Kuna askari hapo mahakamani siku zote, au siku za kesi tu? Nauliza tu. Ingekuwa vizuri ukabadilisha chumba kwa muda, kwa ajili ya unyevu wa mvua. Mvua mbaya kwa kifua.

Nijibu upesi, hata mistari miwili.

Kaka yako

*

Julai 3, 1989

Kaka,

Nimefurahi kwa vifaranga vya Mama.

Barua yako ya mvua nimeipata Juni 27. Yeye alikuja Juni 26, siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi. Mvua ilikwisha kukatika tangu Mei.

Nilikuwa nakunja hati za mirathi. Nikasikia sauti kaunta ikisema, "Namwomba mke wangu," kwa adabu, kama mtu anayeomba fomu. Karani mkuu wetu, mama mtu mzima, akamwuliza mke wake ni nani. Akanionyesha kwa kidole. Karani akanigeukia: "Unamjua?" Nikasema namjua. Kabla sijaongeza neno alikwisha kuzunguka kaunta.

Alinishika mkono ule ule, kwenye kifundo. Akasema polepole, "Twende nyumbani. Nimekuja na gari la ofisi." Nikashika meza. Akavuta, mashine ikaanguka, nikaanguka nayo. Akaanza kuniburuta kuelekea mlangoni, na watu waliokuja kusikiliza kesi zao wakajipanga ukutani kutupisha. Kuna mmoja alisema, "Mambo ya mke na mume hayo." Karani mkuu alimjibu, "Hapa ni ofisini kwangu," akachukua ule muhuri mkubwa wa chuma na kumpiga nao begani. Ndipo askari akaingia.

Walimpekua mbele ya hakimu. Funguo, kitambulisho, leso, na kikaratasi kilichokunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati. S.L.P. 61, jina la mahakama, jina la mji, na chini yake umemwandikia basi linaondoka saa ngapi. Sasa kinaitwa kielelezo namba mbili.

Hakimu aliuliza kama kuna anayeutambua mwandiko. Kaka, mwandiko huo nimeusoma katika madaftari ya vitabu kumi. Najua unavyokata herufi t. Najua kwamba saba yako ina mkia. Nikasema nautambua. Nikamtaja mwenyewe.

Karani alitaka nimsimulie ili aandike maelezo yangu. Nikamwambia asogee. Nilipiga mwenyewe, kurasa nne, kwa vidole tisa, kwenye mashine iliyopinda. Sijakosea hata herufi.

Utaletewa hati ya kuitwa shahidi. Njoo.

Sikuulizi kwa nini. Nimechoka kukuuliza vitu na wewe unanijibu kwa maswali.

Mdogo wako

*

Julai 15, 1989

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimu kwa neno gani.

Mumeo alikuja hapa Jumapili, mwisho wa Mei. Shati jeupe, limepigwa pasi. Alimsalimia Mama, akakaa, akasema umeondoka bila kosa lolote na yeye haoni usingizi. Mama alikwenda kutengeneza chai. Akaniambia, "Kaka, wewe ni mwanamume mwenzangu. Mwanamke anayemwaga siri za nyumba kwenye barua, wewe ungemfanya nini?"

Barua yako ya Mei ilikuwa mezani, mbele yangu, nimeifunika kwa kitabu. Nilikuwa nimeisoma mara nne. Kwa hiyo usije ukadhani sikujua. Nilijua kuliko nilivyowahi kujua kitu chochote.

Nilichukua kalamu nikamwandikia.

Wiki hizi saba nimejaribu kujitungia sababu, na mimi ni fundi wa sababu, ndiyo kazi inayonilisha. Nimejiambia ni mume halali. Nimejiambia mtapatana. Zote ni takataka. Nilikuwa na hasira na wewe. Uliniambia mimi ni mtu gani, na ilikuwa kweli, na nilitaka mtu akunyamazishe. Alipotoka getini nilisikia nafuu. Nafuu ile ilidumu labda muda wa kuvuta sigara moja, kisha nikaanza kuhesabu siku, na bado nilikaa wiki tatu ndipo nikakuandikia habari za kifua.

Jana ilifika barua yako. Mama akaniona usoni. Akasema, "Nisomee." Nikaanza kuruka mistari. Akasema, "Unaruka. Macho yako yanakwenda mbele ya mdomo. Nisomee yote." Nikamsomea yote. Akataka na ile ya Mei, nikamsomea. Kisha akasema nimletee kile kitabu, nimsomee hapo penye kabati.

Nimewahi kusoma ukurasa ule ukumbini, kutoka daftarini, mbele ya watu, wakapiga makofi. Kwa Mama nilishindwa kuumaliza. Aliniacha nimesimama, akasema, "Kumbe uliuona mkono wa mwanangu vizuri hivi."

Leo asubuhi ameondoka. Hakukubali nimsindikize kituoni. Ana mfuko mmoja na fimbo yake ya kutembelea, na goti lake si la safari ya siku mbili. Namba ya sanduku ameishika kichwani. Akifika niandikie, tafadhali.

Nitakuja kutoa ushahidi. Na jambo moja zaidi: nimemwandikia mhariri kwamba miisho ile ni yako. Amejibu kwa furaha. Anataka kitabu cha kumi na moja kitoke na majina yetu mawili, kaka na dada, na picha zetu. Nakutumia madaftari matatu ya kwanza. Mwisho sijauandika. Uandike wewe utakavyo.

Kaka yako

*

Septemba 8, 1989

Kaka,

Mama alifika Julai 17 mchana. Aliuliza njia mwenyewe kutoka stendi mpaka mahakamani, akaja akakaa kwenye benchi la walalamikaji akinisubiri nitoke kazini. Goti lilivimba, sasa limeshuka. Yeye na bibi mshona mashuka wanagombania jiko, na wote wawili wamenenepa.

Nilikusikia Agosti 21. Nilikuwa nyuma, karibu na dirisha. Mwendesha mashtaka alipokuuliza kama ulijua mume ana tabia gani, wakili wake alisimama kupinga, na hakimu akakuambia unaweza usijibu. Ukasema, "Nilijua. Nina barua ya mdogo wangu, na nimeitungia kitabu." Mtu mmoja alicheka, halafu akaona hakuna mwenzake. Wewe hukugeuka kumtafuta aliyecheka. Hilo nililiona.

Amepewa miaka miwili. Ushahidi wako ulisaidia. Nakuambia hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nakushukuru.

Nilikuona pia umesimama chini ya bendera ukisubiri nitoke. Nilimchukua Mama tukapitia mlango wa nyuma, wanakopitishwa mahabusu. Sikuwa na la kukuambia ambalo lingefaa watu wasikie.

Madaftari yako nimeyarudisha kwa posta leo. Sikuyafungua. Jina langu lisiwekwe kwenye kitabu chako, na picha usithubutu. Miaka miwili siyo mingi, na anajua kusoma. Mhariri akiuliza, mwambie dada yako ana kazi. Ninayo kweli. Nimenunua mashine yangu mwenyewe, ya mtumba, haina herufi ya q, nami sijaihitaji. Ninachokiandika hakikuhusu, wala hutakiona kabla ya watu wengine.

Kitabu cha kumi na moja kimalize wewe. Ukitaka kumuua mtu muue, lakini kwanza kaa naye.

Hasira yangu haijaisha. Nilidhani hukumu ikisomwa itapungua. Imebaki pale pale, naamka nayo, naenda nayo kazini. Usije huku. Siku nikitaka uje nitakuandikia, na kama sitaki sitakuandikia.

Mama anataka habari za nyumba na za kuku wake. Mwandikie yeye, kwa sanduku hili hili. Nitakuwa namsomea mimi, jioni, tukishakula, mstari kwa mstari. Kwa hiyo andika yale tu unayoweza kuyasema ukiwa umemtazama usoni.

Mdogo wako